Pampu Iliyokuwa Dukani Tangu Jumanne

Kasulu, Jumamosi alasiri

Imakulata, mwana wanje,

Wewe na mama yako mmekwenda Muyama kumuaga bibi yako, nami nimebaki na nyumba, kuku, na gari lililopona. Nimenawa mikono mara tatu kwa sabuni na majivu, na bado karatasi hii inanuka petroli. Ni harufu ya kazi tuliyoifanya jana. Nimeona niandike kabla haijanitoka mikononi.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Mama yako ameyamaliza yote: chandarua, maji ya kuchemsha, chumvi, majirani wa kusalimia kwanza na majirani wa kuwakwepa kwa adabu. Habari ya chandarua ameirudia mpaka jogoo anaijua. Mimi nina jambo moja tu. Sikuweza kulisema jana tulipokuwa tumeinama pamoja juu ya lile tundu chini ya kiti cha nyuma, na kesho sitaweza kulisema mbele ya mizigo.

Pampu ya mafuta ilikuwepo dukani tangu Jumanne. Nilikudanganya.

Najua kwamba unajua. Lakini kujua kwako si sawa na kukiri kwangu, na sipendi uondoke ukiwa umebeba la kwako peke yako.

Acha nianze pale mlimani. Jumamosi iliyopita tulikuwa tunatoka sokoni, wewe usukani, mimi pembeni yako, mama yako nyuma amekumbatia ndoo zako mpya. Gari likaanza kusita, likakohoa, likazima. Ukajaribu tena na tena. Stata ilipiga vizuri, injini haikushika. Mama yako akasema, "Limesikia unahama, limegoma." Tulicheka sote. Mimi nilicheka kuliko ninyi, na sasa nakuambia kwa nini: nilifurahi.

Barua yako ya ajira ilisema uripoti wilayani Kibondo ndani ya siku kumi na nne, la sivyo nafasi yako ya uuguzi na ukunga pale zahanati ya Busunzu apewe mwingine. Siku tano zilikuwa zimekwisha. Nilipiga hesabu palepale, kabla hata hatujaanza kusukuma: zimebaki tisa, na gari halitembei. Na mimi ndiye niliyekuwa nimeapa mbele ya ndugu za mama yako kwamba mtoto wangu hataondoka kwangu na godoro juu ya basi. Mimi niliingia nchi hii na mkeka kichwani. Wewe ungetoka nyumbani kwa gari la baba yako au usingetoka. Watu walikisikia kiapo hicho wakakiita upendo. Hata mimi nilikiita hivyo.

Ugonjwa wa gari niliujua saa ileile. Nimeendesha magari ya watu miaka ishirini, mengi yakiwa ya kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na pampu inayokaa ndani ya tangi ina sauti yake. Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, huvuma nyuma huko sekunde mbili, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, kisha hunyamaza. Yetu ilikuwa imeanza kulia kwa sauti nyembamba wiki kadhaa nyuma. Siku ile ulipofungua swichi, nyuma palikuwa kimya kabisa. Nikakisikiliza kile kimya, nikakuambia, "Itakuwa betri."

Jumapili tukachaji betri. Jumatatu nikakuambia ufungue plagi zote nne, ukazisugua kwa msasa hadi zikang'aa. Ukaniuliza, "Baba, hizi mbona hazina kosa?" Nikasema, "Sugua tu." Jumanne asubuhi ukafungua swichi mwenyewe, ukalaza sikio kwenye kiti cha nyuma, ukaja kunisimamia hapa mlangoni.

"Baba, pampu hailii."

Nilikuwa nimeshika kitabu. "Umejuaje?"

"Si wewe uliyenifundisha? Ulisema mtu asikilize kwanza ndipo awashe."

Basi nikaenda mjini, dukani kwa Mzee Faraji, yule mtu wa Tanga anayeuza vipuri vya magari na kukusomea magazeti bila kuombwa. Pampu alikuwa nayo. Aliishusha kutoka rafu ya juu, akaniambia imetoka kwenye gari lililopondeka mbele, tangi halikuguswa. Akagusisha waya zake mbili kwenye betri, ikavuma mkononi mwake.

"Msikilize bwana harusi," akasema. "Nikufungie?"

Niliishika. Ilikuwa na uzito wa yai la bata. Nikairudisha juu ya kaunta, nikamwambia nitarudi.

"Mzee, vitu hivi havikai."

"Nitarudi, bwana."

Nilipofika nyumbani ulikuwa unachambua maharage. Nikakuambia hakuna, mpaka iagizwe Mwanza, wiki mbili. Hukuinua kichwa. Ulisema, "Basi Jumapili nitapanda basi." Hapo ndipo nilipopandisha sauti kuhusu godoro na mkeka, nikaongea kama mtu mwenye haki, mpaka mama yako akasema, "Baba Ima, maharage yanakusikia, hayajafanya kosa."

Alhamisi ulikwenda mjini, ukasema unatafuta viatu. Ukarudi na kitu kilichofungwa gazeti, ukakiweka mezani kati ya kitabu changu na kikombe cha chai. Sikuhitaji kukifungua. Namfahamu Faraji, hawezi kuuza msumari bila kutoa na historia yake. Lazima alikuambia, "Hii nilimwonyesha mzee wako tangu Jumanne." Nikakaa nikisubiri. Mama yako alikuwa palepale anamenya viazi. Neno moja lako lingenimaliza mbele yake, na ningestahili.

Ukasema, "Baba, naomba unifundishe kuifunga."

Nimepewa mengi katika nchi hii, mwanangu. Nilipewa kipande cha shamba na watu ambao hawakulijua jina la baba yangu. Nilipewa mke na ukoo wa Muyama uliokuwa na kila sababu ya kuninyima. Babu yako aliniuliza swali moja tu, kama najua kulima, nikadanganya kwamba najua, akanifundisha bila kunicheka. Watu hawa lugha yao na yangu zinakaribiana kiasi kwamba mwaka wa kwanza niliota ndoto kwa Kiha bila kujua. Lakini sikumbuki kupewa kitu cha ukubwa wa sentensi ile yako. Uliniachia nafasi ya kuwa baba yako tena kabla viazi havijaisha kumenywa.

Sasa kazi yenyewe, kwa sababu nataka ubaki nayo kwa maandishi, na kwa sababu ndani yake kuna kosa langu la pili.

Tulianza kwa kumhamisha mama yako na jiko lake la mkaa. Alibisha, kama kawaida. "Yaani mimi nihame jikoni kwangu kwa sababu ya gari?" Ukamwambia, "Mama, mvuke wa petroli ukikutana na huo moto, tutahama sote." Akabeba sufuria akaenda kwa jirani, akilalamika njia nzima. Ulifanya vyema kumwambia wewe, mimi asingenisikia. Kisha ukafungua waya hasi wa betri, ukafungua kifuniko cha tangi litoe pumzi. Ukanyanyua kiti cha nyuma. Pale kwenye mfuniko wa bati nikakuzuia usiguse skrubu hata moja kabla ya kuondoa vumbi. Vumbi letu jekundu likidondokea ndani ya tangi, unakuwa umefunga pampu mpya na ugonjwa wake pamoja. Tukatumia brashi ya rangi na pampu ya baiskeli, wewe unapuliza, mimi nafagia, mpaka bati likaonekana rangi yake.

Spana namba nane, boliti nane ndogo, na wewe ulizifungua kwa kuvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, hukuzifuata kwa mzunguko. Hilo sikukufundisha mimi. Kibano cha bomba ulikilegeza kwa plaizi, ukaweka kitambaa chini kwa ajili ya yale matone, ukauinua mtambo wote wa pampu polepole huku umeulaza ubavu ili mkono wa boya la geji usipinde. Mikono yako ni ya mtu aliyezoea kupokea watoto wachanga. Nilifikiri hivyo wakati ule.

Kichujio cha chini kilikuwa na tope la kahawia, kama kitambaa cha kuchujia pombe ya ndizi. Pampu yenyewe ilikuwa imebadilika rangi upande mmoja. Ukaigeuza geuza.

"Hii imeungua. Lakini inakaa ndani ya mafuta, itaunguaje?"

Nikakueleza kwamba petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza, na tangi likikaa karibu tupu siku zote, pampu inafanya kazi ikiwa uchi, inapata joto, inakufa kidogo kidogo. Ukatazama kule mbele kwenye dashibodi, kisha ukanitazama mimi.

"Baba, hili gari tangu nilijue mshale haujawahi kuvuka robo."

Ni kweli. Tangu nilinunue kambi ilipokuwa inafungwa, nimelinywesha lita mbili, lita tatu, mara nyingi za vidumu vya barabarani vyenye uchafu na mafuta ya taa. Wewe na mama yako mlidhani ni ubahili, na siku nyingine kweli mfuko ulikuwa mwepesi. Lakini hata siku nilizokuwa nazo sikujaza. Kila nikisimama penye mafuta, kuna mtu ndani yangu anayeuliza: tukiondoka kesho ghafla, tutaacha kiasi gani? Mtu huyo ndiye aliyenizuia kupanda kahawa, kwa kuwa kahawa inataka miaka. Ndiye aliyeniwekea vitabu vyangu ndani ya sanduku la bati miaka kumi na moja, mpaka mama yako akavimwaga kitandani akasema hatalala nisipotengeneza rafu. Watu wa huku walinipokea siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyechukua zaidi ya miaka arobaini kufika. Pampu ile niliiua kwa woga, lita mbili mbili.

Unakumbuka yaliyofuata? Mpira wa kuzibia mfuniko ulikuwa umetanuka, haukai kwenye mfereji wake. Nikasema, "Tuupake sabuni ya kipande kwa sasa, tutatafuta mwingine."

"Kwa sasa mpaka lini, Baba?"

Ukatoa mpya mfukoni. Ulikuwa umeununua pamoja na pampu, kwa kuwa ulinijua kabla sijasema neno.

Ukafunga pampu na kichujio chake, ukalinganisha waya, chanya na hasi, ukaurudisha mtambo ndani kama ulivyotoka. Kabla ya kukaza boliti za mwisho ukarudisha waya wa betri, ukakaa usukani, nami nikabaki nyuma na sikio langu.

"Fungua!"

Ikavuma.

"Inalia?"

"Inalia. Zima. Fungua tena." Mara tatu, ili mafuta yafike mbele. Nikapitisha kidole kwenye maungio yote, pakavu. Ulipowasha, injini ilishika kwa mara ya kwanza, na mama yako akatokea kwa jirani na mwiko mkononi. Alinitazama, akasema, "Sasa fungeni na mdomo wa mzee, umebaki wazi."

Kisha ukanipeleka sheli kulijaribu gari. Kijana wa pale akauliza, kama anavyouliza siku zote, "Mbili au tatu, Mzee?" Ukamjibu wewe: "Jaza." Akaniangalia mimi kuhakikisha. Nilishika mpini wa mlango. Mshale ulipanda ukavuka robo, ukavuka nusu, na nikaona kwamba nilikuwa sijui sehemu ile ya juu ya geji imeandikwa kwa rangi gani. Ni nyeupe.

Sababu ya uongo wangu ninayo, ila sikupi kama udhuru. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nipo shule, mambo yalipoharibika kwetu Burundi. Mama yangu aliniambia nivuke mto nikakae kwa shangazi wiki mbili, mpaka watu watulie. Wiki mbili. Kwa hiyo sikugeuka kumtazama. Nani hugeuka kwa ajili ya wiki mbili? Sikumwona tena. Tangu siku hiyo mtu akifunga mzigo mbele yangu, mwili wangu haumsikilizi anachosema. Unasikia "wiki mbili" tu. Najua kwa akili kwamba Busunzu ni mwendo wa asubuhi moja. Akili haikuwa na usukani wiki hii.

Na hukuwa wa kwanza. Shangazi yako Anesia alipokuwa anarudi Burundi mwaka juzi, kambi inafungwa, alinipigia simu nimpelekee cherehani lake Mtabila kabla malori hayajaondoka. Lilikuwa hapa kwetu, alikuwa ameniomba nimtunzie. Nikamwambia gari halina mafuta. Lilikuwa na mafuta, lita tatu, zingetosha kwenda na kurudi. Sikuweza kwenda kumwona dada yangu akipanda lori. Akaenda bila cherehani. Wewe nilikuambia amekuachia zawadi, na umelishonea sare zako za chuo ukimwombea baraka.

Jana jioni, baada ya sheli, nilimpigia. Nilimweleza yote, la cherehani na la pampu. Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Nari ndabizi, musaza wanje," akasema. Alijua. Alijua tangu siku ile, kwa sababu nilipomwambia gari halina mafuta aliwasikia watoto wa jirani kwenye simu wanapiga honi huku injini inanguruma. Akasema cherehani likae kwako, ila sasa ni yeye anayekupa. Naomba ulipokee upya.

Nimewafikiria ninyi wawili, wewe na shangazi yako, leo mchana kutwa. Mlijua, mkaniacha niendelee kuitwa mtu mwema. Sijui nimefanya nini kustahili wanawake wa aina hii, na nimeamua nisichunguze sana.

Limebaki jambo la kesho. Nilikuambia nitakuendesha mpaka Busunzu, nishushe mizigo, nirudi na gari. Nimebadili. Sijiamini. Barabara ni ndefu na mimi najua namna nyingi za kulizimisha gari bila mtu kuona. Fyuzi moja ndani ya mfuko wa shati, tungelala njiani Jumatatu ikitupita. Sidhani kama ningefanya. Lakini hata mlimani sikudhani.

Kwa hiyo utaendesha wewe, na gari halirudi. Ni lako. Kadi yake imo ndani ya bahasha hii pamoja na karatasi ya makabidhiano. Nimesaini asubuhi kwa mwenyekiti wa mtaa, naye amegonga muhuri wake mara mbili kwa kuwa wa kwanza ulitoka nusu. Mama yako anajua hili moja. Atakaa kiti cha mbele, atalala kwako hadi aridhike kwamba mlango unafungika, kisha atarudi kwa basi. Usimwache akuendeshee kwa mdomo.

Asubuhi nitawasaidia kufunga kamba za godoro. Nitafunga vizuri. Ukishawasha, ondoka, usizime tena kuja kuniaga mara ya pili, kwa maana nitapata la kusema, na litakuwa na busara, na utachelewa. Nenda ukaripoti. Jumatatu jina lako liandikwe pale wanapoandika majina, na wanawake wa Busunzu wapate mkunga asiyewatangazia watu makosa yao.

Mimi nitakuwa hapa, na safari hii nitakutazama mpaka upinde kona.

Ukishapata kiti cha pili cha kumkalisha mgeni, nipigie. Nitapanda basi.

Urakoze, mwana wanje. Asante kwa yote uliyoyanyamazia.

Baba yako,
Melkiori